Shilingi Saba Zilizorudi

Ukitoka sokoni Kakamega ukielekea posta, kulikuwa na benchi lililoundwa kwa ubao wa trela la miwa, nalo lilikaa pale kwa sababu moja tu: waliokuwa wakilibeba walichoka wakalitua. Miaka hiyo sukari ilikuwa imewapanda watu kichwani. Mkulima wa Musanda akilipwa miwa yake alinunua mabati, redio na baiskeli kwa siku moja, na kesho yake akarudi mjini kuangalia amesahau nini. Kila mtu alikuwa na haraka isipokuwa watu wa benchi. Mbele yao, hatua ishirini hivi, kilisimama kibanda chekundu cha simu ya sarafu, kioo kimoja kimevunjika. Pembeni alikaa Juma Shikanga, mtu wa Mumias, na jiko lake la makaa na birika lake la kahawa ya tangawizi. Kwa ajili ya hilo birika walimwita Birika, na yeye aliitika.

Phanuel Osundwa alikuja hapo kila Alhamisi kabla ya saa kumi. Alikuwa karani wa mizani kiwandani kwa miaka kumi na minane, akipima matrela ya miwa, na ingawa alistaafu, jina la Mizani lilikataa kustaafu naye. Alikaa mwisho wa benchi, upande unaotazama kibanda. Aliagiza kahawa, akaishika mpaka ikapoa, kisha akatoa kitambaa mfukoni na kukikunjua gotini. Ndani yake mlikuwa na shilingi saba.

— Leo tena, — alisema Masinde. Huyu aliitwa Trela kwa kuwa aliendesha trekta la kuvuta miwa, na sauti yake ilikuwa imezoea kushindana na injini. — Hebu nione. Mimi nimesema na nitasema tena: hiyo simu iko na mizani ndani. Shilingi ikikonda inarudishwa. Wewe mwenyewe si ulikuwanga unarudisha matrela?

— Nilizipima, — alisema Phanuel. — Bucha ya sokoni. Hizi saba upande mmoja, saba za mwenye bucha upande mwingine. Zikalingana.

— Mizani ya bucha! Hiyo si inapimanga mfupa ikisema ni nyama?

— Si uzito, — akasema Andati. Yeye alitengeneza redio kwenye kibaraza cha duka la Mhindi, na jina lake lilikuwa Masafa. — Ni sauti. Pesa ikianguka inalianga. Sasa hiyo mashine iko na sikio, kama redio. Inatafuta steshoni ya shilingi. Ikikosa, inatema.

— Na hizi za Mizani zilikuwa steshoni gani? — Trela aliuliza.

— Kampala.

Walicheka. Phanuel alitabasamu kidogo kwa adabu, kwa sababu walikuwa marafiki zake na hakutaka kuwaharibia kicheko.

— Nyinyi mnaongea mambo ya vyuma, — alisema Birika, akichochea makaa. — Kuna mama mmoja amekaa Nakuru, kwa ile nyumba ya nyaya. Huyo ndiye anahesabu. Ukiinua simu ukaanza tu maneno bila salamu, anakurudishia pesa yako. Kwetu Mumias hata duka huingii bila asalaam aleikum.

— Na shilingi inapitia wapi mpaka ifike Nakuru? — Masafa aliuliza.

— Hiyo sasa ni kazi yao. Mimi nauza kahawa.

— Wacheni niwaambie ukweli, — Trela alisema, akashusha sauti ikabaki ya mtu wa kawaida. — Inanusanga. Kama mbwa wa polisi. Pesa ya mshahara iko na harufu yake, pesa ya miwa iko na yake. Siku tulilipwa miwa niliweka shilingi kumi, moja moja. Ikakula tano, ikatapika tano.

— Ulikuwa umelewa, — alisema Birika.

— Mimi nilikuwa nimelewa. Shilingi ilikuwa imelewa?

— Kama ni hivyo basi iko na macho pia, — alisema Masafa, ambaye hakupenda kushindwa. — Ukiweka ile picha kichwa chini, inaona umeidharau. Inakurudishia ujifunze heshima.

Birika alijazia vikombe. Alikuwa mtu mwema, ila ulimi wake ulikuwa na desturi ya kutangulia.

— Mimi nasikia inajuanga mkono, — alisema. — Kuna mkono unatoa na moyo, na kuna mkono unatoa na kinyongo. Mtu akiwa na kinyongo, pesa inasita. Inarudi kwa mwenyewe.

Hakuna aliyecheka. Trela alitazama viatu vyake. Birika akagundua alichosema, akaanza kufuta kikombe kilichokuwa safi tayari.

Phanuel alikunja kitambaa pole pole. Maneno hayo aliyajua. Roda, mkewe, aliyasema mwaka jana jikoni kwao Amalemba, siku ya tatu baada ya mazishi, na hakuwahi kuyarudia wala kuyaondoa.

Mambo yalikuwa hivi. Binti yao Awinja aliolewa bila kumleta mwanamume nyumbani, na Phanuel akaapa kwamba hatamsemesha mpaka aje apige magoti. Miaka miwili ikapita, hakuna aliyepiga magoti. Kisha ikaja barua kutoka Nakuru. Awinja alikuwa amelazwa, moyo ulikuwa mbaya, na muuguzi mmoja mwenye huruma alikubali kwamba Alhamisi saa kumi atamkalisha kwenye meza ya simu. “Mama, mwambie Baba anipigie. Nataka kusikia sauti yake tu.”

Roda alikuwa na shilingi saba alizojiwekea, moja kila wiki, kutoka kwa mboga alizouza. Alizificha kwenye mkebe wa sukari, kama zilivyofanya nyumba zote za miwa miaka hiyo. Sukari nyumbani haikukosekana, na mwizi akitia mkono humo atatoka na vidole vyenye sukari vya kumsema. Alizitoa moja moja, akazihesabu kwenye kiganja cha mumewe, akamshika mkono akaufunga kwa mikono yake miwili. Phanuel naye alijua kwamba hasira yake imeisha, ila hakujua namna ya kulisema hilo, akaona atamwambia Awinja mwenyewe.

Simu ile ya kibanda chekundu ilikuwa ya aina ya kupiga kwanza na kulipa baadaye. Mtu wa upande wa pili akijibu, unamsikia, na mlio mfupi mfupi unakuambia weka pesa. Mpaka pesa ianguke, yeye hakusikii.

Alimsikia.

— Haloo? — Awinja alisema. — Haloo? Baba? Baba, ni wewe?

Phanuel akasukuma shilingi. Ikashuka, ikasita, ikaanguka kwenye kisahani cha chini. Akasukuma ya pili. Ikarudi. Akairudisha ya kwanza, akajaribu ya tatu, ya nne, na sauti ya mtoto wake ikiendelea kuuliza sikioni, kila mara chini kidogo kuliko mara iliyopita. Nyuma yake kulikuwa na watu kumi na mmoja kwenye foleni. Angegeuka tu akasema nisaidieni shilingi. Lakini alikuwa Karani wa Mizani, mtu aliyezoea kuombwa, na neno hilo halikumtoka. Simu ikakatika. Aliyemfuata aliweka shilingi yake ikapita mara moja, akaongea na shemeji yake habari za ng’ombe. Phanuel alipopata nafasi tena, simu ya Nakuru ilikuwa inatumika, na baadaye hakuna aliyejibu. Jumamosi alfajiri Awinja akafa.

Kilichomhukumu ni kwamba alirudi nyumbani na shilingi zote saba. Aliziweka mezani kama ushahidi wa kumtetea, kumbe ndizo zilizomfunga. Na kwenye mazishi yule muuguzi akasema mbele ya Roda, bila nia mbaya, kwamba simu ililia, msichana akaishika, na mtu wa upande wa pili akanyamaza.

— Wengine wote walipiga, — Roda alimwambia siku ile jikoni. — Pesa ilirudi kwa sababu mkono wako ulikuwa na kinyongo. Ulisimama tu ukamsikiliza.

Tangu siku hiyo walikula meza moja na kulala kitanda kimoja, na Roda alimpa chakula cha moto kila siku, ugali wa obusuma na mboga, na hakumkosea heshima hata mara moja. Phanuel angependa atukanwe. Kwa hiyo alizihifadhi zile shilingi kama zilivyokuwa, hakuzitumia wala kuzifuta, maana kiwandani alijifunza kwamba mzigo unaogombaniwa hauguswi. Alitaka mtu mmoja tu amweleze ile mashine inajuaje shilingi, ili aende nyumbani akamwambie mkewe: hukuona? Si mimi.

— Mulembe, wazee.

Waligeuka. Mwanamke wa miaka thelathini hivi, amevaa ovaroli ya buluu na kubeba mfuko wa spana, alikuwa ametokea upande wa kibanda. Mlango wa mashine ya simu ulikuwa wazi nyuma yake, na hawakumwona akiufungua kwa sababu walikuwa wakibishana juu ya mashine hiyo hiyo.

— Mulembe swa, — walijibu.

— Naitwa Navalayo, mimi ni fundi wa simu. Naomba maji moto kidogo. Sisimizi wamejenga humo ndani, nataka niwatoe.

— Sisimizi kwa simu? — alisema Trela. — Wanapigia nani?

— Huku kwenu ni kawaida. Juma lililopita nilikuwa Khwisero, ni hivyo hivyo. Ukifungua simu ya mahali hakuna miwa, unakuta vumbi. Ya kwenu unakuta sisimizi.

Birika alimimina maji ya kusuuzia vikombe kwenye kopo. Phanuel alikuwa amesimama tayari. Magoti yalimwuma, lakini alisimama wima, kama siku za kukaguliwa kazini.

— Msichana wangu, — alisema, — hiyo mashine inajuaje shilingi?

— Haijui, mzee.

— Lakini inahesabu.

— Inahesabu, ndiyo. Lakini haioni, haisomi. Kuja nikuonyeshe.

Wakaenda wote, hata Birika aliyeliacha jiko lake, jambo ambalo halijapata kutokea. Navalayo aliwaonyesha njia nyembamba ya chuma iliyoinama, iliyoanzia kwenye tundu la kuwekea pesa.

— Pesa kubwa sana haiingii kwa hili tundu. Ndogo sana inaanguka hapa kando. Ya bandia, chuma iliyochongwa na mtu, inashikwa na hii sumaku. Nyepesi haiwezi kuinamisha hiki kijiko. Sasa shilingi nzuri inabingirika na mwendo wake, inafika hapa, inaruka huu mwanya. Ikivuka inagonga huu mkono. Mkono ukigongwa, mashine inasema moja. Ukigongwa tena, mbili. Ni hiyo tu.

— Na isipovuka? — aliuliza Phanuel.

— Kama inaenda pole pole, inaanguka kwa mwanya. Inarudi kwako.

— Hata kama ni shilingi halali?

— Hata ikiwa halali. Hii haijui uhalali, mzee. Inajua mwendo.

Trela na Masafa walitazamana. Masafa alitaka kusema jambo la redio, akaliacha. Phanuel alikunjua kitambaa chake mbele ya fundi kwa mikono miwili.

— Jaribu hizi.

Navalayo aliweka ya kwanza. Ikaanza kushuka, ikasita njiani, ikaanguka kwenye kisahani. Phanuel alishtuka kwa ule mlio. Fundi aliichukua, akaigeuza kwenye mwanga, akaikwaruza ukingoni kwa ukucha. Kukatoka unga mweusi wenye wekundu. Akaunusa, kisha akaugusa kwa ulimi.

— Ni tamu, — alisema.

Aliitumbukiza kwenye kopo la maji moto, akaisugua na ovaroli, akaiweka tena. Ilishuka bila kusita. Tik.

— Moja.

Akaosha ya pili. Tik.

— Mbili.

Tatu. Nne. Phanuel aliinamisha kichwa akisikiliza. Kila tik ilikuwa nafasi ya kusema kitu, na alikuwa na vya kusema. Tano. Angesema: ni mimi. Sita. Angesema: hasira iliisha zamani, mwanangu, rudi nyumbani na huyo mtu wako. Saba. Machozi yalimtoka mbele ya watu, mchana, naye hakuyafuta.

— Fungua mkono, — alisema Navalayo kwa upole, akamrudishia zote, zimelowa na zinang’aa. — Hazina ubaya. Ni ukingo ulikuwa umeshika utamu na masizi. Hizi zilikuwa zinakaa wapi, mzee?

Lilikuwa swali jepesi. Trela mwenyewe alikuwa na mkebe wake wa sukari. Kila mmoja pale alikuwa na wake, na kila mmoja alijua mkebe wa Amalemba ni wa nani. Phanuel alitazama kiganja chake akaiona mikono miwili ya Roda ikiufunga. Wiki saba, shilingi moja moja. Alichokuwa akikitafuta mwaka mzima alikuwa amekipata. Neno moja lingemtoa kifungoni, na neno hilo hilo lingemwingiza Roda.

— Sijui, — alisema.

— Baba Awinja.

Roda alikuwa amesimama kando ya barabara na kikapu cha mboga zilizobaki. Hakuwahi kukikaribia kibanda kile tangu mazishi. Akitoka sokoni alizunguka njia ya nyuma. Leo kuona simu tumbo wazi na wazee wameizingira kulimvuta mwenyewe.

— Mama Awinja, mulembe, — Birika alisema haraka.

— Mulembe. — Hakumtazama. Alikuwa anatazama njia ile ya chuma. — Wamepata nini humo ndani?

Navalayo alivuta pumzi ya kusema, na Trela akamkanyaga kiatu, pole pole lakini kwa uzito wake wote.

— Hakuna kitu, — alisema Phanuel. — Iko sawa.

— Iko sawa?

— Iko sawa. Hata siku ile ilikuwa sawa.

Roda aliyaondoa macho kwenye chuma, akamtazama. Labda kwa mwaka mzima huo na yeye alikuwa akiomba aambiwe kwamba mashine ilikuwa mbovu. Uso wake ulianguka kidogo, kama wa mtu aliyekuwa akingoja barua akaambiwa hakuna. Phanuel aliuona uso huo na karibu aseme. Kisha akakumbuka watu kumi na mmoja nyuma yake, na jinsi ambavyo hakugeuka. Hukumu haikuwa yake yote, lakini ilikuwa na sehemu yake, na aliona anaweza kuibeba pamoja na ile nyingine ya mkebe.

— Nilikuambia, — Roda alisema, bila ukali.

— Uliniambia.

Akanyoosha mkono, akampa shilingi. Hakuwa na kazi nazo tena. Roda alizipokea, akazitambua hata kabla ya kuzihesabu, akazigusa kwa kidole gumba.

— Mbona zimelowa?

Masafa alitazama angani, na Trela akatazama viatu vyake tena.

— Ni mimi, mama, — Birika alisema. — Nimezimwagia kahawa. Nisamehe.

Roda alizifunga kwenye pindo la leso yake, fundo moja, akalivuta kwa meno likaze.

— Nitazirudisha kwa mkebe, — alisema.

— Rudisha, — Phanuel alisema.

Alichukua kikapu kutoka mkononi mwake, na Roda akakubali, na wakaenda kuelekea Amalemba, yeye mbele na mumewe hatua tatu nyuma. Wa benchi walirudi wakakaa. Navalayo alisimama na kopo lake tupu, akawauliza kama amekosea mahali. Trela alisukuma kikombe chake mbele kwa Birika, na Birika akainamisha birika mpaka mwisho, halikutoa kitu.